Si Kitambaa cha Mama

S.L.P. 1187,
Miyuji, Dodoma.
12 Februari 2007.

Mpendwa kaka Sila,

Shikamoo kaka. Na mbukwa ya Kigogo pia, maana najua huko Winnipeg hakuna wa kukuamkia hivyo. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na wifi Angelina na watoto, na ile baridi uliyosema inagandisha mpaka ndevu iwe imeanza kulegea. Sisi baridi yetu ya Julai tunaimaliza kwa sweta moja na chai ya tangawizi, kwa hiyo tukisoma habari zako tunakuhurumia bila kuelewa.

Huku tupo. Shemeji yako Stanley anazidi kunenepa na anasema ni mawazo. Mpwa wako Priska ameingia darasa la tatu na sasa anatusahihisha Kiingereza mbele ya wateja wa fotokopi, nami namwacha kwa sababu mara nyingi anapatia. Mama ni mzima wa mwili. Ya moyo wake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, lakini niache kwanza nikupe ya shamba. Nikianza na hayo mengine nitaichana na hii, kama nilivyozichana tatu zilizotangulia.

Mvua za msimu huu zimetuziba midomo sisi tuliozoea kulalamika. Shangazi Evarista ametoka Kongwa juzi na habari kwamba uwele umesimama na mahindi yamefunga, na kwamba mwaka huu madalali wa Kibaigwa watatuamkia wao kwanza. Ila mvua hizo hizo zimeleta homa ya mifugo. Ng'ombe wanakufa, watu nao wamekufa, na nyama tumeiacha kabisa. Sasa hivi mji mzima unakula kuku na maharage, na kuku wakiona mgeni anaingia uani wanakimbia wenyewe.

Sasa kaka.

Hujapiga simu tangu ile Jumapili ya Novemba. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, na mama kila Jumapili akitoka kanisani hakubali kubadili nguo mpaka saa kumi ipite, kwa sababu saa kumi ndiyo saa yako. Anakaa na simu yangu mapajani. Mtu mwingine akipiga, anaipokea kwa haraka, kisha ananipa.

Ningeweza kukuandikia kwa kompyuta, pale mjini intaneti ipo. Lakini barua ya namna hiyo mtu huifuta kwa kidole kimoja akiwa bado na hasira. Na kwenye simu nilishakudanganya, nikaona jinsi inavyokuwa rahisi, sikutaka kuujaribu tena ulimi wangu. Kwa mkono wangu mwenyewe nitakuwa mkweli zaidi.

Nilikwambia kwamba kitambaa cha mama ndicho kilichoua diski iliyokuwa na sauti ya baba. Kitambaa kilikuwapo, hilo ni kweli. Lakini mkosaji si mama. Ni mimi, na kosa langu lilianza miezi mitatu kabla mama hajashika sindano yake ya kufumia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua lolote.

Unakumbuka zile kaseti nne ulizoniachia mwaka 1992, wiki ile ya kuondoka. Baba anapiga zeze. Baba anataja majina ya ukoo mpaka pumzi inamwishia. Baba anasimulia alivyoendeshwa mbio na Wazungu wa karanga pale Kongwa, wakampandisha kwenye trekta hali hajawahi kupanda hata baiskeli. Na ile ya nne, aliyokubariki wewe kwa Kigogo, na nyuma anasikika mama akikemea mbuzi walioingia kwenye mtama. Baba alipofariki hukuweza kuja kumzika kwa sababu ya karatasi zako, ukalia kwenye simu mpaka mimi nikaacha kulia ili nikubembeleze. Siku ile nilikuahidi kwamba sauti utaipata na watoto wako wataisikia. Sikulazimishwa kuahidi.

Mwaka jana mwezi wa nne Stanley alizipiga kaseti zote pale dukani kwetu, redio imeunganishwa na kompyuta kwa waya, tukaziingiza moja baada ya nyingine. Ilichukua siku mbili. Wateja walisubiri fotokopi zao huku baba anaimba, na hakuna aliyenung'unika. Mama alikaa kwenye benchi akimjibu. Baba akisema mwaka fulani walivuna magunia ishirini, mama anasema yalikuwa kumi na nne, mwongo huyu. Tulicheka, kaka, na tulifurahi kuliko siku yoyote tangu msiba.

Kompyuta ikajaa. Ikawa inaandika kwamba nafasi hakuna, na kazi ya picha za harusi za mwezi wa sita bado iko mbele yetu. Ndipo ukatuma fedha kwa mkono wa yule mchungaji aliyekuja likizo, pamoja na maelekezo yako: ninunue diski ya nje, iwe mpya, ndogo inatosha kwa kuwa mambo ya baba si mengi, niweke humo sauti zote kisha niifungie kabatini. Maelekezo hayo hata Priska angeyafuata.

Nikaenda Barabara ya Sita, kwa Abdulnasiri, yule anayeuza na kutengeneza kompyuta. Mtu wa miwani, mpole, dukani kwake hakukosekani ubani wala Kurani kwenye redio. Akaniwekea diski mbili juu ya meza, na bei zao zilikuwa sawasawa.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, inaenea kiganjani. Haihitaji umeme wake yenyewe, unaichomeka tu kwenye kompyuta. Giga arobaini. Ina karatasi ya dhamana ya mwaka mzima. Ya pili ilikuwa imetumika, imetoka Dubai, nene kama Biblia ya madhabahuni, ina adapta yake na feni yake ndogo kwa nyuma. Hiyo giga mia moja na sitini.

Nilimweleza nataka diski ya kazi gani. Naomba nikuandikie aliyonijibu kama alivyoyasema, maana nimeyarudia kichwani mpaka nimeyakariri: "Dada Ruthu, nisije nikaulizwa kesho. Hii kubwa feni yake imekufa. Inafanya kazi, lakini inataka hewa. Usiifunike, usiisukume ukutani, na kila ikifanya kazi saa mbili uizime ipoe. Kwa picha za harusi sawa. Lakini kama ni sauti ya marehemu, chukua hii ndogo."

Nikachukua kubwa.

Sikuchanganyikiwa, na wala hakunidanganya mtu. Nilijua ipi ni ya baba na ipi ni ya duka. Stanley alikuwa amenunua ile kamera yake mpya, na harusi moja inakula giga kama nzige walivyokula mtama wa babu. Nilisimama pale nikajiambia kwamba kubwa itatosha kwa vyote, baba atakaa pembeni humo humo, hatabanana na mtu. Fedha ilikuwa yako na kusudi lilikuwa lako, nami nikalipatia duka langu nafasi kwa mgongo wa baba yetu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Msemo huo nilikuwa nikiwaambia wengine.

Stanley siku hiyo alikuwa Kibaigwa kwenye harusi ya dalali mmoja wa mahindi. Aliporudi akakuta diski kubwa, akafurahi, akaniita mke mwenye akili. Habari ya feni sikumwambia. Niliona nitajisimamia mwenyewe, nitaizima kila saa mbili, nitakuwa mwangalifu. Wiki ya kwanza kweli niliizima. Wiki ya pili wateja walikuwa wengi.

Kuna jingine, nalo niliseme hapa hapa lisije likabaki. Nilipoingiza sauti kwenye diski, nilizifuta kwenye kompyuta ili kazi iende. Na zile kaseti nne niliwapa vijana wa kwaya waliokuwa wakitafuta kaseti za kurekodia mazoezi. Nilijua watarekodi juu yake, huku kwetu kaseti haitupwi wala haikai bure. Niliwaambia chukueni tu, baba yuko kwenye kompyuta. Wewe uliponiuliza kuhusu kaseti nilisema zimeliwa na vumbi. Vumbi la Dodoma linasingiziwa mengi, kaka, na hilo nalo nililisingizia.

Mwezi wa nane upepo ukaanza, unajua ule wa kwetu, unafagia uwanja wa jirani na kukuletea ndani. Mama alikuwa amekwishafunika redio, televisheni, mtungi na hata ile mashine ya fotokopi. Siku moja akaniuliza baba yuko kwenye kitu gani hasa. Nikamwonyesha diski. Akaitazama, akaigusa, akasema ina joto kama mtu. Kisha akaniuliza mbona kila kitu dukani kina nguo isipokuwa yeye.

Alifuma siku tisa. Uzi mweupe, pindo la bluu, pande zote nne, na nyuma ameacha tundu la waya kwa kipimo kamili, utadhani amesomea. Sijawahi kuona kitambaa chake kizuri kama kile. Asubuhi alipoivisha diski nilikuwa nimesimama pale pale, na maneno ya Abdulnasiri yakanijia yote. Isifunikwe.

Nikanyamaza. Ningemwambia mama aivue ningelazimika kumweleza kwa nini, na Stanley alikuwa anasikia. Ingebidi niseme ina feni mbovu, na kwamba nililijua hilo siku ya kununua, na kwamba ya baba ilikuwa ile nyingine iliyobaki mezani. Kwa hiyo nilimwacha mama aifunike. Nikamwambia imependeza.

Iliharibika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mchana. Stanley alikuwa anaunganisha picha za harusi tangu asubuhi, diski inafanya kazi saa sita mfululizo ndani ya nguo yake. Ikaanza kugonga kwa ndani, tiki, tiki, kama mtu anayekata kucha. Nilipotia mkono chini ya kitambaa niliuondoa haraka. Abdulnasiri aliifungua, akaijaribu siku nne, akampelekea na fundi mwenzake aliyeko Dar es Salaam. Ikarudi vile vile. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinitazama tu juu ya miwani, na ningependa angenitukana.

Ndipo ukapiga ile Jumapili, ukiwa na furaha, ukitaka nikutumie sidii ya baba kabla ya Krismasi ili watoto waisikie siku ya shukrani ya kanisani kwenu. Nilikuwa na dakika moja ya kusema kweli. Nikasema mama aliifunika kitambaa ikaungua. Kisha ukaomba nimpe mama simu, na nilikuwa karibu, nilisikia. Ulimuuliza kwa nini anashika vitu asivyovijua. Mama hakujitetea. Alisema, "Nisamehe mwanangu, ni ushamba wangu," akanirudishia simu, na wewe ulikuwa umekwishakata.

Sikulaumu wewe. Ulilipuka kwa habari uliyopewa, na mtoa habari ni mimi. Laiti ungejua nilivyolala siku ile. Nililala vizuri, ndiyo aibu yenyewe. Niliona limepita. Kumbe majuto ni mjukuu, yalichukua wiki mbili tatu kukua, na tangu hapo hayajaniacha.

Mama hafumi tena. Sindano na nyuzi amezitia kwenye mfuko akautundika msumarini. Akitaka kufuta meza ananiuliza kwanza kama anaruhusiwa. Dukani haingii tena, anakaa nje kwenye ngazi na kuwasalimia wateja. Mwezi uliopita Priska alimwambia amsaidie kuwasha televisheni, akajibu kwamba yeye mkono wake una mkosi na mashine. Nilikuwa jikoni. Niliposikia hivyo nilijua kwamba siwezi kuendelea.

Jumatano iliyopita nilimweleza. Nilipiga magoti, kaka, mimi na umri wangu huu, nikamweleza yote: diski mbili, feni, kwaya, kunyamaza kwangu, simu yako. Nilikuwa tayari anipige. Mama alikuwa anachambua mlenda, na mikono yake haikusimama.

Akasema anajua.

Anajua tangu mwezi wa kumi. Wiki ile ile ilipoharibika aliona moyo hautulii, akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka Barabara ya Sita kumuuliza yule kijana wa Kiislamu kama ni kweli nguo inaweza kuua mashine. Na Abdulnasiri, ambaye hajui kusema uongo hata kwa faida yake, akamwambia yote. Kwa hiyo siku ulipompigia na kumfokea, mama alikuwa anajua. Alipokwambia nisamehe ni ushamba wangu, alikuwa anajua. Alikuwa ananitazama mimi usoni wakati anasema hivyo, nami nilidhani anatazama ukuta.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Nakuandikia maneno yake kwa Kiswahili, ingawa aliyasema kwa lugha yetu na kwa lugha yetu yalikuwa mazito zaidi. Alisema: "Sila akinikasirikia mimi atarudi, mtoto hamwachi mama. Lakini akikukasirikia wewe mtaachana, na mimi nikifa hapatakuwa na wa kuwaita. Nikaona hasira ile bora nibebe mimi."

Kisha akachambua mlenda tena kidogo, akasema, "Ila amekawia."

Basi. Hiyo ndiyo barua yenyewe, mengine yote ni njia ya kufikia hapo. Baba amepotea mara ya pili na aliyempoteza ni mimi. Sina cha kukurudishia. Nimewauliza vijana wa kwaya, kaseti zote zimejaa nyimbo zao, hata ule mwisho wa kaseti ya nne wamemalizia na makofi. Stanley naye amekwishajua, na kwa siku nne hizi ananiita kwa jina langu kamili. Nastahili.

Sikuombi unisamehe mwezi huu wala mwaka huu. Nikasirikie kadiri unavyotaka, andika, nyamaza, usiniite dada, nitavumilia kwa kuwa niliyachagua mwenyewe. Ninaloomba ni kwamba Jumapili barua hii ikishakufikia, saa kumi ya kwetu, upige. Usiniulizie mimi. Sitaigusa simu, nitaiacha mikononi mwake nitoke nje. Na ukisikia ameanza kukuomba radhi, kwa maana ataanza, mkatize kaka. Mkatize upesi, asimalize.

Shangazi Evarista anakusalimu na anauliza kama uwele unaota huko. Stanley anakusalimu. Priska anamsalimu kila binamu kwa jina lake, na ameandika majina hayo nyuma ya bahasha kwa herufi zake kubwa. Nifikishie salamu zangu kwa wifi Angelina, mwambie asinitetee kwako.

Mungu aliyewafikisha salama nchi hiyo ya barafu na awalinde ndani yake, awape afya na riziki, na awaguse mioyo yenu iwe mipana kuliko wangu ulivyokuwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata wiki ambayo hutataka kupendwa nami,

Ruthu